Kimeng'enya HO-1 huilinda figo, lakini huchelewa kuamka

Mgonjwa wa malaria kali au mtu aliyetolewa chini ya kifusi akikojoa mkojo wa rangi ya kokakola, ujue himu imemwagika. Himu ndiyo sehemu ya himoglobini, na ya mayoglobini ya msuli, inayoshika chuma. Ikiwa mahali pake haina madhara. Ikitoka, hupenya seli za mirija ya figo na kuzalisha kemikali zinazounguza utando wa seli, huku mayoglobini ikiganda na protini za mkojo na kuziba mirija.

Kimeng'enya kinachokabiliana na hali hii ni himu oksijenesi-1, yaani HO-1. Huivunja himu na kutoa vitu vitatu: bilivadini, chuma na kaboni monoksaidi. Bilivadini hugeuka bilirubini, ile ile inayotia macho umanjano, ambayo kwa kiasi kidogo huzima zile kemikali. Kaboni monoksaidi, sumu ya jiko la mkaa, hapa ni chembe tu na hulegeza mishipa midogo. Chuma ndicho cha kuchungwa: kisipofungiwa haraka ndani ya feritini, protini inayohifadhi chuma, nacho huunguza. Kwa hiyo HO-1 bila feritini ni kinga nusu.

Mwaka 1992 kundi la Karl Nath, Marekani, liliharibu misuli ya panya kwa sindano ya gliseroli. Panya waliotangulia kupewa himoglobini, ili kimeng'enya kiwe kimeshaamka, walikufa 14%. Wasiopewa walikufa wote. Mwaka 1999 madaktari wa Japani waliripoti kisa cha mtoto wa miaka 6 aliyezaliwa bila HO-1. Seli zake nyekundu zilipasuka ovyo, himu ikajaa kwenye damu, lakini bilirubini ilikuwa chini, kwa kuwa hapakuwa na cha kuitengeneza. Mirija ya figo zake iliumia.

Tatizo ni muda. Figo yenye afya ina HO-1 kidogo mno. Jeni lazima iwashwe kwanza, na protini kutengenezwa huchukua saa kadhaa. Dawa ya bardoksoloni, inayochochea jeni hiyo iwake, ilijaribiwa kwa wagonjwa wa kisukari wenye figo dhaifu, na jaribio likasimamishwa mwaka 2012 kwa sababu ya moyo kushindwa kazi. Manjano huamsha HO-1 kwenye seli za maabara, lakini utumbo hufyonza kidogo sana, na ikizidi oksaleti yake huweza kuumiza figo. Siishauri kama tiba.

Kwa hiyo kazi yetu wodini ni kuzipa figo saa hizo. Kijiti cha mkojo kikionyesha damu nyingi na hadubini isione seli nyekundu, angalia plazma, yaani maji ya damu: ya waridi ni himoglobini, safi ni mayoglobini. Aliyebanwa na kifusi aanzishiwe dripu ya chumvi 0.9% hata kabla hajatolewa, mtu mzima lita 1 kwa saa mwanzoni, kisha lenga mkojo wa mililita 200 hadi 300 kwa saa. Usitumie dripu ya Ringer, ina potasiamu, na potasiamu ndiyo inayosimamisha moyo wake. Kwenye malaria kali usiige kipimo hicho. Mapafu hujaa maji upesi. Diklofenaki, ibuprofeni na jentamaisini ziepukwe kwa wote. Mwenye upungufu wa G6PD, kimeng'enya kinachokinga seli nyekundu, akiwa amekunywa primakwini, dawa ya malaria, dawa hiyo isimamishwe siku hiyo hiyo.