Maana ya "hatua" katika maendeleo ya mtoto, na kwa nini wastani si mwisho wa muda

Hatua, kwa wanaofuatilia maendeleo ya watoto wachanga, ni stadi ambayo watoto wengi huipata katika kipindi fulani cha umri na kwa mfuatano unaofanana: kukaza shingo, kugeuka, kukaa bila kushikiliwa, kusimama dede, kutembea, kutamka silabi, kuunganisha maneno mawili. Maana hiyo haina utata mkubwa, na nisingekaa kuiandika kama nisingekuwa nasikia mara kwa mara, kuanzia Mikindani hadi Nachingwea, mama kijana akiambiwa mbele za watu kwamba mwanawe "amechelewa hatua" kwa sababu tu ametimiza miezi tisa na hajatambaa, ilhali wa jirani mwenye umri uleule anazunguka uwanja mzima. Anayesema hivyo huwa ameliona mahali fulani, kwenye simu au ukutani, jedwali lisemalo kwamba miezi 6 mtoto anakaa, miezi 9 anatambaa na miezi 12 anatembea, naye amelisoma kama mtu anavyosoma tarehe ya mwisho ya kulipa ada.

Jedwali la namna hiyo lina historia, na historia yake inaeleza sehemu kubwa ya kosa. Aliyelieneza zaidi ni Arnold Gesell, daktari na mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Yale nchini Marekani, ambaye katika miaka ya 1920 na 1930 aliwapiga watoto picha za filamu na kuandika kila walichoweza kufanya mwezi baada ya mwezi. Kazi ilikuwa ya uangalifu, lakini watoto wake walitoka zaidi katika familia za Wazungu wenye maisha ya wastani katika mji mmoja, New Haven, na umri aliouandika ulikuwa ule wa mtoto wa kawaida wa kundi hilo. Orodha iliposafiri duniani, maelezo hayo yalibaki nyuma na tarakimu ndizo zilizofika.

Sasa tuutazame wastani wenyewe, kwa kuwa ndipo kero yangu ilipo. Ukisema watoto hutembea kwa wastani wakiwa na miezi 12, umekubali papo hapo kwamba karibu nusu ya watoto wazima wa afya watakuwa hawajatembea siku wanapotimiza mwaka. Hao hawajachelewa kitu chochote. Wako upande wa pili wa wastani tu, na wastani usiokuwa na watu upande wa pili haupo. Kinachostahili kutazamwa ni masafa, yaani umbali kati ya watoto wa mwanzo kabisa na wa mwisho kabisa miongoni mwa wazima. Shirika la Afya Duniani lilichapisha masafa hayo mwaka 2006, baada ya kufuatilia watoto 816 wa Ghana, India, Norway, Oman na Marekani, na kuweka mipaka yake kuanzia umri ambao asilimia 1 tu ya watoto wameshaiweza stadi hadi ule ambao asilimia 99 wameshaiweza. Kukaa bila kushikiliwa kulianzia miezi 3.8 hadi 9.2. Kutembea bila msaada kulianzia miezi 8.2 hadi 17.6. Ni tofauti ya zaidi ya miezi tisa, muda unaotosha kubeba mimba nyingine na kujifungua, na watoto wote waliomo humo ni wa kawaida.

Kutambaa ndiko kunakoleta maneno mengi zaidi, na bahati mbaya ndiko kusikostahili. Katika utafiti huohuo, asilimia 4.3 ya watoto hawakuonekana wakitambaa kwa mikono na magoti, na walitembea. Wengine husota: utamkuta amekaa kitako, mguu mmoja ameukunja chini yake, mkono mmoja anausukumia sakafuni kama kasia, naye anafika kwenye sahani ya dagaa kabla hujamwahi. Mwaka 2022 kituo cha Marekani cha kudhibiti magonjwa, CDC, kilipoirekebisha orodha yake ya hatua, kilikuondoa kabisa kutambaa, na hatua nyingine kikazipanga kwa umri ambao angalau asilimia 75 ya watoto wanatarajiwa kuwa wamezifikia, badala ya ule wa nusu yao.

Tena kutambaa kunategemea sana mtoto analazwa wapi. Mama wa Tandahimba anayemfunga mwanawe mgongoni kwa kanga msimu wa kuokota korosho hana sababu ya kumshusha atambae juu ya majani makavu yenye siafu na nge, na jioni wakirudi nyumbani, bibi humchukua mtoto na kumsimamisha mapajani akimwambia "dede, dede". Mtoto huyo anafanya mazoezi ya miguu na mgongo kila siku. Ya kutambaa hayafanyi. Katika miaka ya 1970, mtafiti Mmarekani Charles Super aliona jambo la aina hiyo kwa Wakipsigis wa Kenya: akina mama waliwafundisha watoto kukaa na kutembea kwa makusudi, na watoto wakaweza takriban mwezi mmoja kabla ya wale wa Marekani, lakini katika kutambaa, ambako hakuna aliyewafundisha, hawakuwa mbele. Anayemlaumu mama wa mtoto kama huyo anamlaumu kwa kumbeba.

Kwa mtoto njiti kuna hesabu moja ya kufanya kwanza. Aliyezaliwa wiki nane kabla ya wakati, akiwa na miezi sita ya kuzaliwa, kwa upande wa hatua hutazamwa kama mwenye miezi minne hivi, na punguzo hilo huendelea kutumika hadi afike miaka miwili.

Hayo yote yasimpe mtu ruhusa ya kosa la pili, ambalo kwangu ni baya kuliko la kwanza kwa sababu linatamkwa kwa upole: "Usijali, kila mtoto na wakati wake." Kila mtoto ana wakati wake ndani ya masafa, na masafa yana mwisho. Mtoto wa miezi 10 asiyeweza kukaa bila kushikiliwa, au wa miezi 18 asiyetembea, ameshapita mpaka wa asilimia 99, naye anastahili kuonwa na mtaalamu, hata kama mjomba wake naye alichelewa kutembea na leo ni fundi seremala. Mtoto anayetumia mkono mmoja tu kabla hajatimiza mwaka, mwingine ukibaki umekunjwa ngumi, si lazima awe wa mashoto. Huenda mkono ule mwingine una udhaifu. Na sauti zile laini za miezi ya mwanzo, ambazo huwafanya wazazi waridhike kwamba mtoto anasikia, hutolewa hata na mtoto kiziwi. Kinachofaa kusikilizwa ni silabi zilizokamilika, "ba-ba-ba" na "ma-ma-ma", ambazo kwa kawaida huwa zimeshasikika kabla ya miezi 10 au 11, na ambazo kwa asiyesikia hukawia.

Kuna pia jambo ambalo watu huliita kuchelewa na kumbe si kuchelewa hata kidogo. Mtoto aliyekuwa anakaa vizuri na kutamka maneno mawili matatu, kisha baada ya malaria kali na degedege akawa hawezi tena, hayuko nyuma ya wenzake kwenye njia ileile, kwa kuwa amepoteza alichokuwa nacho. Kupoteza stadi hakumo katika masafa yoyote, kwa umri wowote, na hakungojwi hadi mwezi ujao.

Kwa hiyo shangazi, jirani, au wewe bibi unayeheshimiwa na mtaa mzima, ukimwona mtoto wa miezi tisa hajatambaa, muulize mama yake kwanza kama mtoto anakaa, kama anageukia sauti, kama ananyoosha mikono yote miwili kuchukua kitu, na kama mwezi huu anaweza jambo ambalo mwezi uliopita hakuliweza. Majibu yakiwa ndiyo, neno "amechelewa" halina pa kukaa. Na wewe mama, kama mwanao amepita mpaka, usiishie kumning'iniza kwenye mizani siku ya kliniki, ukaandikiwa kilo na kuondoka umefurahi kwamba yuko kwenye kijani, kwa sababu mizani hupima ukuaji wa mwili na haina habari ya hatua. Mwambie nesi kwa maneno kamili, hata kama foleni ni ndefu, kwamba mtoto ana miezi 18 na bado hajatembea.