Adams hakuangushwa na Sheria ya Uchochezi

Kila ukizuka mjadala wa sheria za kubana magazeti, hakosi mtu wa kutukumbusha kwamba Rais John Adams wa Marekani alisaini Sheria ya Uchochezi mwaka 1798, iliyofanya kuchapisha uongo wa kuichafua serikali kuwa jinai, wananchi wakakasirika, wakamng'oa mwaka 1800. Jamani! Shikeni kalamu kwanza.

Mwaka 1796 Adams alipata kura 71 za wajumbe wanaomchagua rais, 12 kati ya hizo zikiwa za New York. Mwaka 1800 alipata 65, na New York haikumpa hata moja. Kwa hiyo ukiiweka New York kando, alipanda kutoka 59 hadi 65. Nchi iliyomchoka ndiyo inamwongezea kura? Kilichomponza ni Aaron Burr, mwanasiasa wa kambi ya mpinzani wake Thomas Jefferson, aliyepanga wagombea wazito wa bunge la jimbo jijini New York, na uchaguzi wa mwishoni mwa Aprili 1800 ulipokwisha, bunge hilo ndilo likateua wajumbe wote 12. Halafu kulikuwa na kodi ya nyumba, ardhi na watumwa ya 1798, na Alexander Hamilton, kigogo wa Wafederali, kumshambulia kwa waraka rais wa chama chake mwenyewe. Tena katika uchaguzi wa Bunge wa 1798–1799, sheria ikiwa bado mbichi, Wafederali waliongeza viti.

Sisemi haikuwagharimu. Kuipima hasira hiyo ndiyo shughuli: katika majimbo mengi wajumbe waliteuliwa na mabunge, si wapiga kura. Anayekutajia asilimia anabahatisha.

Gharama inayoonekana waziwazi ni Matthew Lyon, mbunge wa Vermont. Kwa sheria hiyo alitozwa faini ya dola 1,000 na kufungwa miezi minne, na wapiga kura wakamrudisha Bungeni angali gerezani. Februari 1801 Jefferson na mgombea mwenza wake Burr wamefungana 73 kwa 73, maana kila mjumbe alipiga kura mbili bila kutofautisha rais na makamu; Baraza la Wawakilishi linaamua, kila jimbo kura moja, zinatakiwa 9. Raundi 35 zinapita, Jefferson amekwama kwenye 8. Vermont ina wabunge wawili tu, Lyon na Mfederali Lewis Morris, na kura zao zinauana. Raundi ya 36 Morris anajiweka pembeni, na kura ya Vermont inabaki mikononi mwa mfungwa wa juzi wa Wafederali, anayempa Jefferson.

Na tafadhali, Mahakama ya Juu ya Marekani haikuifuta sheria hii. Haikuwahi hata kuisikiliza. Iliandikwa ikome yenyewe tarehe 3 Machi 1801, siku moja kabla ya rais mpya kuapishwa, isije ikawageukia walioitunga. Ilimkinga rais asichafuliwe, ikalikinga Bunge. Makamu wa rais haikumtaja. Makamu alikuwa Jefferson.