Kuuliza Ree Kabla ya Slamu: Swali la Kukuzuia, Si la Kukusukuma

Mchezaji wa briji hufika siku akajifunza dau la nne bila turufu, lile la kumwuliza mwenzi ana ree (karata za A) ngapi, na tangu siku hiyo halimtoki mdomoni. Sisi wakufunzi tunaliona hili kila darasa. Mtu ameshika karata nzuri, mwenzi wake amemuunga mkono, basi bila kuwaza mara mbili anauliza ree. Anajibiwa. Kisha anabaki kulikodolea macho jibu, maana halimwambii alichotaka kujua. Sehemu kubwa ya slamu (madau ya ngazi za juu kabisa) tunazoona zikianguka mezani zilikwisha kuharibika wakati swali linaulizwa, kabla hata jibu halijatoka.

Kwa anayeufahamu mchezo huu kwa mbali tu: wachezaji wanne hukaa jozi mbili, kila mmoja na karata 13. Kwanza kuna mnada, jozi zikishindana kutaja zitakula mizunguko mingapi na turufu itakuwa aina gani. Mzunguko ni karata nne, moja kutoka kwa kila mchezaji. Dau huhesabiwa juu ya mizunguko sita ya mwanzo, kwa hiyo shupaza nne ni ahadi ya kula mizunguko 10. Dau la ngazi ya sita ni ahadi ya 12 na huitwa slamu ndogo. La saba ni ahadi ya yote 13, nayo ni slamu kuu. Katika briji ya dupliketi, karata zilezile huwekwa kwenye bodi yenye mifuko minne na kupitishwa meza hadi meza, ili kila jozi ipimwe na wenzake walioshika karata hizohizo. Visingizio vya bahati mbaya hupungua sana hapo.

Mwaka 1925, Mmarekani Harold Vanderbilt alipopanga upya alama za mchezo huu, alitaka zawadi kubwa ya slamu apewe aliyeinadi tu. Kula mizunguko 12 bila kuitangaza hakukutosha. Hapo ndipo wachezaji walipoanza kutafuta njia ya kuambiana, kwa madau pekee, nani ana nini. Mwaka 1933 Easley Blackwood, mtu wa kazi ya bima huko Indianapolis, alibuni njia nyepesi kabisa: nikisema nne bila turufu, niambie una ree ngapi. Ukijibu pau tano huna hata moja, au unazo zote nne. Uru tano ni moja, kopa tano ni mbili, shupaza tano ni tatu. Jarida kubwa la briji la wakati huo lilikataa kuchapisha wazo lake, lakini wachezaji walilipokea wenyewe, na leo ni vigumu kukuta meza ya mashindano ambako halijulikani.

Sasa tuangalie bei. Chukua jozi isiyo hatarini (hatarini ni hali ambayo zawadi na adhabu huwa kubwa zaidi) inayocheza shupaza na kula mizunguko 12. Aliyesimama kwenye shupaza nne anaandikiwa 480, aliyenadi sita anaandikiwa 980. Tofauti ni 500. Mizunguko ikiwa 11, wa kwanza anapata 450 na wa pili anapoteza 50. Tofauti ni ileile 500. Maana yake, slamu ndogo inayofaulu nusu ya mara tayari imejilipia, na mchezaji anayesubiri uhakika kamili ataachwa nyuma na wenzake. Slamu kuu ni habari nyingine. Ukinadi saba na kufaulu unamzidi aliyesimama sita kwa 500, ila mzunguko mmoja ukiponyoka wakati mwenzako kwenye meza nyingine ametulia kwenye sita, umeachwa kwa 1,030. Ndiyo maana ya saba hunadiwa pale unapoweza kuihesabu mizunguko 13 kwa vidole.

Ukiyaweka hayo pamoja unaona kazi halisi ya swali la ree. Uamuzi kwamba mizunguko 12 ipo unatakiwa uwe umekwisha kuufanya kutokana na nguvu za karata, urefu wa turufu na yale mwenzi aliyosema. Swali linabaki na kazi moja: kuhakikisha wapinzani hawana ree mbili za kula kabla hujaanza kupumua. Ni breki. Anayelitumia kama kanyagio la mafuta ndiye huyo anayekodolea macho jibu.

Kuna mikono ambayo breki hiyo haihitajiki kabisa. Tunahesabu ree alama 4, mfalme 3, malkia 2, ghulamu 1, jumla 40 katika karata zote. Jozi yenye alama 33 inawaachia wapinzani 7. Ree mbili ni alama 8. Basi hawawezi kuwa nazo mbili hata wakitaka! Kwa hiyo mwenzi akifungua na moja bila turufu, akionyesha karata zilizosawazika (zilizogawanyika karibu sawa katika aina zote) na alama za kiwango kinachojulikana, kazi yako ni kujumlisha. Ndiyo sababu nne bila turufu juu ya ufunguzi huo si swali la ree: ni mwaliko, unamwambia mwenzi aende sita kama yuko juu ya kiwango chake na apasi kama yuko chini. Anayetaka kuuliza ree hapo, labda ana pau ndefu saba mkononi, hutumia pau nne, njia iliyopewa jina la John Gerber wa Houston aliyeitangaza mwaka 1938. Jozi nyingi hukubaliana jina la Gerber bila kukubaliana inatumika wapi. Pendekezo langu ni liwe juu ya bila turufu tu, basi.

Tazama mkono huu kwa karibu. Umeshika:

Shupaza: mfalme, malkia, ghulamu, 8, 6, 4
Kopa: mfalme, malkia, 3
Uru: 7, 5
Pau: ree, mfalme

Umefungua shupaza moja, mwenzi amesema shupaza tatu: ana shupaza nne na alama kama 10 au 11. Alama zako ni 18. Mkono unanukia slamu. Unauliza, anajibu kopa tano, ree mbili. Ree moja tu haipo, unasema sita. Mwenzi anazilaza karata zake mezani: shupaza ree, 9, 5, 2, kopa ree, 6, 4, uru malkia, 8, 3, pau 10, 6, 2. Mpinzani ameshatoa ree ya uru, anafuata na mfalme wa uru, na mambo yamekwisha. Mizunguko 11 ipo kamili, 12 haipo.

Jibu lilikuwa la kweli. Kosa ni kwamba 7 na 5 za uru hazikuhitaji kujua ree ni ngapi. Zilihitaji kujua ree ziko wapi. Mwenzi angekuwa na ree ya shupaza, ree ya uru, ghulamu wa kopa na malkia wa pau, jibu lingekuwa kopa tano vilevile, na slamu ingefaulu: unapoteza ree ya kopa peke yake, na ile uru ya pili unaitupa juu ya malkia wa pau. Jibu moja, hatima mbili tofauti.

Dawa yake ni kutajiana ulinzi kabla ya kuuliza. Turufu ikishakubaliwa, dau la aina nyingine katika ngazi ya nne linasema, "Hapa nina ulinzi," yaani ree, au sina karata ya aina hiyo kabisa. Jozi nyingi huhesabu pia mfalme na karata ya pekee. Unapanda kwa mpangilio (pau, uru, kopa, shupaza), na aina unayoiruka umeikana. Kwa mkono wetu unasema pau nne. Mwenzi wa kwanza anajibu kopa nne. Ameiruka uru! Wewe huna, yeye hana, kwa hiyo mlango wa uru uko wazi na unafunga mnada kwa shupaza nne ukiwa bado salama. Mwenzi wa pili angesema uru nne, na hapo swali la ree lingekuwa na maana. Binafsi naamini mwanafunzi angefundishwa kutaja ulinzi kwanza na kuuliza ree baadaye. Vitabu vingi huenda kinyume, labda kwa sababu ree ni rahisi kuzihesabu.

Mkono mwingine usiofaa kuuliza ni ule usio na karata hata moja ya aina fulani. Huna kopa, mwenzi anajibu ree moja. Kama ni ya kopa, ni kama amekuja na mwavuli siku ya jua: wapinzani wasingekula kopa hata hivyo. Kama ni ya aina nyingine, ni dhahabu. Hujui ni ipi. Jozi zilizobobea huruka hadi ngazi ya tano kwenye aina wasiyokuwa nayo, kumwambia mwenzi ahesabu ree zake bila kuigusa hiyo. Ni chombo kizuri kwa waliozoeana. Kwa wengine ni ajali inayosubiri siku yake.

Njia inayotumika zaidi sasa haihesabu ree nne bali karata muhimu tano, mfalme wa turufu akiwa wa tano, maana kumkosa ni hatari karibu sawa na kukosa ree. Malkia wa turufu naye anaulizwa. Ngazi za majibu ni nne tena, ila kila moja imebeba mawili. Katika mpangilio wa 3014, pau tano ni karata muhimu 3 au hakuna, uru tano ni 1 au 4. Kopa tano ni 2 au 5 bila malkia wa turufu, na shupaza tano ni 2 au 5 pamoja naye. Mpangilio wa 1430 unageuza yale mawili ya mwanzo tu: pau tano ni 1 au 4, uru tano ni 3 au hakuna. Nambari hii haisahauliki, kwa kuwa 1,430 ndiyo alama ya kopa sita au shupaza sita zilizofaulu ukiwa hatarini. Baada ya jibu la pau au uru, dau linalofuata, lisilokuwa turufu, huuliza habari za malkia.

Niliwahi kuingia mashindanoni na mwenzi mpya. Tuliulizana mlangoni, "Karata muhimu?" "Ndiyo." Tukaona tumemaliza. Bodi ya nne nikawa na karata muhimu tatu, nikauliza, akajibu uru tano. Kwangu mimi hiyo ilikuwa moja. Kwake, aliyezoea 1430, ilikuwa hakuna kabisa. Nikanadi sita na wapinzani wakakusanya ree mbili zao kwa utulivu. Hakuna aliyekosea mfumo wake. Tulikosa sentensi moja tu ya makubaliano. Tangu siku hiyo sikai na mwenzi bila kumwuliza pau tano ni nini.

Kuna hesabu moja zaidi ya kufanywa kabla ya kuuliza: jibu litakufikisha wapi? Turufu ikiwa pau na wewe una karata muhimu chache, jibu la uru tano limekwisha kuipita pau tano, na huna pa kurudi. Kwa kopa, jibu la shupaza tano hufanya vivyo hivyo. Pitia majibu yote manne kichwani. Kama kuna hata moja litakalokukaba koo, usiulize. Jozi nyingi huuliza kwa dau la chini zaidi pale turufu inapokuwa pau au uru, kwa sababu hiyo hiyo. Na wapinzani nao hawalali: wakiingilia kwa dau lao baada ya swali, makubaliano yaliyoenea ni kutangaza maradufu (tamko la kuzidisha alama za dau la mpinzani) ukiwa huna, kupasi ukiwa na moja, na kupanda hatua moja ukiwa na mbili.

Aliyeuliza ndiye nahodha. Akisema shupaza tano, mwenzi anaacha, hata kama karata zake zinamwasha mkononi, kwa kuwa alichoulizwa amekwisha kukisema. Mahali pamoja pana ruhusa: jibu lilipokuwa 3 au hakuna, na nahodha akasimama kwa kudhani hakuna. Mwenye 3 anaendelea, kwa makubaliano yaliyowekwa mapema.

Hapa sheria za dupliketi zina neno. Nahodha akikaa muda mrefu anawaza, kisha akasimama kwenye ngazi ya tano, kusitasita kwake kumemwambia mwenzi kitu ambacho dau halikusema. Mwenzi haruhusiwi kukitumia. Mwenye karata 3 anaendelea kwa sababu ya jibu lake mwenyewe, na angeendelea hata kama nahodha angesimama papo hapo. Mwenye sifuri akipanda sita baada ya ukimya ule, wapinzani wana haki ya kumwita mwamuzi, naye anaweza kuirekebisha alama. Wana haki pia ya kuelezwa majibu yenu yana maana gani kila wakiuliza kwa zamu yao. Na kama mwenzi wako ameeleza vibaya, nyinyi mkiwa ndio mnaocheza mkataba (dau lililoshinda mnada), ni juu yako kumwita mwamuzi na kusahihisha baada ya pasi ya mwisho, kabla karata ya kwanza haijatolewa. Mkiwa upande unaojaribu kuuangusha mkataba, unanyamaza hadi mkono uishe, kisha unasahihisha.