Ukiomba hifadhi Marekani, usiuache uanafunzi wako

Mama mmoja wa Majengo alikuja ofisini kwetu hapa Mombasa Jumatano asubuhi, simu mkononi. Kabla hata ya kukaa aliiweka mezani na kubonyeza ujumbe wa sauti. Ilikuwa sauti ya mwanawe anayesoma Marekani: "Mama, nishapeleka ombi la hifadhi. Rafiki yangu aniambia sasa sina haja ya karo, maana mimi si mwanafunzi tena. Niache masomo, nisubiri kibali cha kazi." Usajili wa muhula ulikuwa unafungwa Ijumaa. Karo ilikuwa tayari: mama alikuwa amepokea zamu yake ya chama, akaongezea pesa za bangili mbili za dhahabu alizouza.

"Wakili, nizipeleke au nisizipeleke?" aliniuliza. "Mimi nimemwambia ashike moja. Mshika mbili moja humponyoka."

Katika jambo hili, kwa bahati, methali hiyo haifai. Mwanafunzi aliye na viza ya F-1, ile ya masomo, na aliyeomba hifadhi anatakiwa kuzishika zote mbili, tena kwa nguvu, mpaka ombi lake liamuliwe. Naandika makala haya kwa sababu wazazi na wanafunzi wetu wengi wanaambiwa kinyume chake, na wanaowaambia ni watu wanaowapenda.

Kwanza tutenganishe viza na hadhi. Viza iliyobandikwa kwenye pasipoti ni ruhusa ya kubisha hodi tu. Muda wake ukiisha ukiwa umeshaingia, hujavunja sheria yoyote. Kinachokuweka ndani ni hadhi ya mwanafunzi, na hadhi hiyo inasimama juu ya fomu ya I-20 iliyo hai, ile unayopewa na chuo, rekodi yako katika SEVIS, mfumo wa serikali wa kufuatilia wanafunzi wa kigeni, na mwenendo wako wa kila siku. Kwa miaka mingi rekodi ya kuingia, ile I-94, imekuwa ikiandikwa herufi D/S kwa wanafunzi, maana yake unakaa kwa muda wote unaotimiza masharti. Agosti 2025 serikali ya Marekani ilipendekeza kuziondoa herufi hizo na kuweka tarehe ya mwisho. Kwa hiyo kila mwanafunzi afungue I-94 yake mwenyewe na kuisoma, asitegemee ya mwenzake.

Hifadhi ni mlango mwingine. Chimbuko lake ni Mkataba wa Wakimbizi wa 1951 na Itifaki yake ya 1967, ambayo Marekani iliridhia mwaka 1968 na kuiingiza katika sheria zake kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1980. Anayeomba anatakiwa aonyeshe kwamba ameteswa, au ana hofu ya msingi ya kuteswa akirudi kwao, kwa sababu ya rangi au kabila, dini, uraia, msimamo wa kisiasa, au kuwa katika kundi fulani la kijamii. Ugumu wa maisha na ukosefu wa kazi, hata uwe mkali vipi, haumo katika orodha hiyo.

Wazee wetu wanaokumbuka kambi ya Utange, Wasomali walipokimbilia hapa miaka ya 1990, wakisikia neno mkimbizi huona mahema na foleni ya maji. Nimewaona wazazi wakiinamisha kichwa kwa aibu mtoto wao anapotajwa kwa neno hilo. Hakuna aibu. Ni haki ya kisheria, na mwanafunzi anaweza kuidai akiwa bado anaingia darasani.

Sasa tufike kwenye kiini. Kupeleka fomu ya I-589, ambayo ndiyo ombi la hifadhi, hakufuti hadhi ya F-1. Vilevile hakukupi hadhi mpya. Unaruhusiwa kubaki ukisubiri uamuzi, basi. Ukiacha masomo siku ya pili, hadhi uliyokuwa nayo imekwenda na ile unayoiomba hujaipata. Umebaki na risiti ya ombi.

Wanaodharau jambo hili hawajafikiria siku ombi litakapokataliwa, nayo mengi hukataliwa. Ikiwa afisa wa USCIS, idara inayoshughulikia maombi haya, haoni sababu ya kukukubalia, atatazama hadhi yako ya siku hiyo. Kama bado una hadhi halali, atakuandikia barua ya kusudio la kukataa, yenye sababu, na kukupa siku 16 za kujibu. Majibu yasipomtosheleza, ombi linakataliwa, nawe unaendelea na masomo yako. Lakini kama hadhi ilishapotea, faili lako linapelekwa mahakama ya uhamiaji pamoja na hati ya kukuita ujibu kwa nini usiondolewe nchini. Huko jaji anaanza kukusikiliza upya, na wakili wa serikali amekaa upande wa pili akitaka uondolewe. Ushahidi ni uleule na simulizi ni ileile, lakini mmoja anarudi maktaba na mwingine anatafuta wakili wa mahakamani. Tofauti yao ni karo ya muhula na krediti 12, yaani kipimo cha mzigo wa masomo.

Kuna faida ya pili, inayowahusu wale ambao hawajaomba bado. Sheria inataka ombi lipelekwe ndani ya mwaka mmoja tangu ulipoingia Marekani mara ya mwisho. Wengi wakigundua mwaka umepita hukata tamaa. Kanuni zinatambua hali za kipekee zinazosamehe ucheleweshaji, na mojawapo ni kwamba mwombaji alikuwa na hadhi halali, kama ya mwanafunzi, hadi muda wa kuridhisha kabla ya kuomba. Kwa hivyo msichana aliyekaa miaka mitatu akisoma bila kukosea, kisha mambo ya kwao yakaharibika, bado ana njia. Akishaipoteza hadhi, muda unaanza kumkimbia: maelezo rasmi ya kanuni hiyo yanasema kungoja miezi 6 au zaidi baada ya hadhi kuisha, kwa kawaida, ni kuchelewa. Pamoja na hayo, namshauri kila mtu aombe ndani ya mwaka akiweza. Msamaha huombwa, na mwenye kuombwa anaweza kukataa.

Kuishika hadhi si jambo la ajabu, ni uangalifu tu. Mwanafunzi wa shahada ya kwanza anahitaji krediti 12 kila muhula, na katika hizo ni somo moja tu la mtandaoni, lisilozidi krediti 3, linalohesabiwa. Akihama nyumba aripoti ndani ya siku 10. Akiugua au masomo yakimlemea, amwone afisa wa wanafunzi wa kigeni chuoni kabla ya kuacha somo, kwa maana ruhusa ya kupunguza mzigo hutolewa kabla. Nimekutana na kijana aliyeacha somo Ijumaa na kwenda kuomba ruhusa Jumatatu, na siku tatu hizo zilimgharimu sana. Hadhi ikipotea, kuna maombi ya kurejeshewa, ila uwe hujapitisha miezi 5, hujafanya kazi bila ruhusa, na sababu iwe nje ya uwezo wako.

Na wakati mwingine kosa si la mwanafunzi. Mwezi Aprili 2025 rekodi za SEVIS za maelfu ya wanafunzi zilizimwa ghafla, kisha zikarejeshwa baada ya kesi nyingi kufunguliwa mahakamani. Waliokuwa na nakala za I-20, matokeo na risiti za karo walikuwa na cha kumwonyesha wakili siku ileile. Weka nakala zako, na nyingine mtumie mzazi.

Pesa ndiyo inayowaangusha wengi. Mwanafunzi wa F-1 anaruhusiwa kufanya kazi chuoni hadi saa 20 kwa wiki wakati wa muhula. Kazi ya nje isiyo na ruhusa, hata ya kuosha vyombo mikahawani kwa wiki mbili, inavunja hadhi. Mwombaji hifadhi, kwa kanuni iliyozoeleka, anaweza kuomba kibali cha kazi ombi lake likitimiza siku 150, na hakitolewi kabla ya siku 180. Sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 iliweka ada ya dola 550 kwa kibali cha kwanza, pamoja na dola 100 za kupeleka ombi lenyewe na dola 100 nyingine kila mwaka ombi linaposubiri.

Kibali hicho ni halali kabisa, lakini kimetoka kwenye mlango wa hifadhi. Mawakili wengi wa uhamiaji huonya kwamba ukianza kukitumia kwa kazi isiyoruhusiwa mwanafunzi, unaweza kuhesabiwa kuwa umeiacha F-1. Kuwa nacho kabatini hakuna ubaya. Siku ya kukitumia iwe siku uliyoiamua pamoja na wakili, ukijua unachokiacha. Wapo ambao karo imewashinda kabisa na kwao hiyo ndiyo njia iliyobaki. Siwalaumu, nataka tu wasiipite gizani.

Halafu safari. Hili naliandika kwa uzito kwa sababu nimekaa kwenye matanga Likoni ambapo binti wa marehemu alifuata mazishi ya mamake kwenye simu iliyoegemezwa kikombe cha chai. Aliyeomba hifadhi akitoka Marekani bila kibali maalumu cha safari, anahesabiwa kuwa ameliacha ombi lake. Akiwa na kibali hicho lakini akarudi nchi ileile anayodai kuikimbia, bado anahesabiwa hivyo, isipokuwa athibitishe sababu nzito. Na asidhani ataingia tena kwa viza mpya ya masomo: viza hiyo inamtaka aonyeshe ana makazi kwao asiyokusudia kuyaacha, naye ameshaandika kwamba kwao hawezi kurudi. Wazazi, msimlazimishe mtoto aje kwa arusi, wala msimlaumu akikosa hitima. Yazungumzeni haya kabla ya ombi kupelekwa, kila mmoja akiwa bado hai na timamu.

Pasipoti nayo ina mtego wake. F-1 inataka pasipoti iliyo hai, na kuifuata kwenye ubalozi wa serikali unayosema inakutesa kunaweza kuzua maswali kwenye mahojiano. Haimaanishi usiifanye upya. Maana yake uwe na maelezo, hasa kama wanaokutesa si serikali.

Kuhusu siri, wazazi wengi huogopa kwamba serikali ya nyumbani itaarifiwa. Kanuni za Marekani zinakataza maelezo ya ombi la hifadhi kufichuliwa kwa watu wa nje bila idhini ya mwombaji, isipokuwa katika hali chache zilizotajwa. Hatari kubwa zaidi iko kwetu wenyewe: kundi la WhatsApp la ukoo lenye watu 90.

Msimtafutie hadithi. Kuna mawakala wanaouza simulizi zilizoandikwa tayari, jina likibadilishwa na kijiji kikibadilishwa. Ombi likithibitika kuwa la uongo wa makusudi, mwombaji anaweza kufungiwa faida zote za uhamiaji Marekani maisha yake yote. Mwenye kisa cha kweli akinunua cha uongo kwa sababu ameambiwa chake hakina uzito, amepoteza vyote viwili. Atafute wakili mwenye leseni huko. Vyuo vingi vya sheria vina kliniki za bure, na mahakama za uhamiaji hutoa orodha ya mawakili wanaosaidia bila malipo. Mimi ni wakili wa Kenya, siwezi kumsimamia mtu huko, na yeyote wa hapa anayedai anaweza anadanganya.

Kazi ya familia ya Mombasa ni ushahidi. Nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio, kutoka kituo cha polisi, fomu ya P3 ambayo daktari huijaza kuhusu majeraha, karatasi za hospitali, barua za vitisho zikiwa na bahasha zake, kiapo cha jirani aliyeona. Kila cha Kiswahili kitahitaji tafsiri ya Kiingereza iliyothibitishwa na mfasiri. Kwenye mahojiano na afisa wa USCIS, kijana asiyejiamini kwa Kiingereza huja na mkalimani wake mwenyewe, wa miaka 18 au zaidi.

Yule mama wa Majengo alisikiliza yote haya huku akihesabu kitu kwenye vidole. Nilidhani anahesabu pesa. "Aliingia tarehe 20 Agosti," akasema, "na ombi amelipeleka Machi. Hajapitisha mwaka." Nikamwambia hajapitisha. Akaniomba nirekodi ujumbe kwa sauti yangu, kwa vile yake mwanawe ameizoea. Nikarekodi: jisajili krediti 12 kabla ya Ijumaa, usianze kazi yoyote, mwone wakili. Saa nane mchana alikuwa kwenye foleni ya benki Moi Avenue, na saa kumi akanitumia picha ya risiti ya karo.