Malkia Caroline Mathilde na Daktari Struensee: Yanayosemwa na Yaliyotokea

Filamu ya En kongelig affære, iliyoongozwa na Nikolaj Arcel na kutolewa mwaka 2012, inahusu penzi lililokatazwa katika kasri la Denmark, kati ya Malkia Caroline Mathilde na Johann Friedrich Struensee, daktari Mjerumani wa mumewe, Mfalme Christian VII, aliyekuwa na maradhi ya akili. Sisi wa Tanga tumezoea kuzitazama filamu za kigeni kwenye vibanda vya video, au kwenye simu, zikiwa zimewekewa sauti ya msimulizi wa Kiswahili ambaye hufupisha hapa na kutia chumvi pale, na mazungumzo yanayofuata barazani mara nyingi huishia kwenye fumanizi: mke wa mtu kanaswa, hawara kauawa, basi. Filamu hii ni nzuri, na kwa sehemu kubwa inafuata mambo yaliyotokea kweli, ila anayeibakiza kwenye fumanizi anapoteza habari iliyo kubwa zaidi, yaani habari ya mamlaka, na ya nani alikuwa na haki ya kuweka saini kwa jina la mfalme.

Dhana iliyoenea kuliko zote ni kwamba Struensee alikatwa kichwa kwa sababu ya kuzini na malkia. Uzinzi ulikuwamo katika mashtaka, na hakuna wa kuukana, kwa kuwa yeye mwenyewe aliukiri mwezi Februari 1772 na malkia akatia saini maungamo yake mwezi uliofuata. Lakini hebu tumtazame mtu wa pili aliyeuawa siku hiyohiyo, tarehe 28 Aprili 1772, kwenye jukwaa lilelile nje ya Copenhagen. Huyo ni Enevold Brandt, mtu wa kasrini na rafiki wa Struensee, ambaye hakuwa na uhusiano wowote wa kimapenzi na malkia. Kosa lake kubwa lilikuwa kupigana na mfalme katika ugomvi wa chumbani na kumng'ata kidole. Wote wawili walikatwa kwanza mkono wa kuume, kisha kichwa, kisha miili yao ikakatwa vipande. Kama shabaha ingekuwa kuilinda ndoa ya mfalme peke yake, Brandt asingepandishwa kwenye jukwaa lile.

Denmark ya wakati huo ilikuwa chini ya sheria ya mwaka 1665 iliyomkabidhi mfalme mamlaka yote, bila bunge wala baraza la kumzuia. Mwezi Julai 1771 Christian alimpa Struensee cheo kilichofanya maagizo yenye saini ya daktari huyo peke yake yawe na nguvu sawa na ya mfalme, na katika muda wote wa miezi kumi na sita hivi aliyoshika hatamu, tangu kabla ya kupewa cheo hicho, Struensee alitoa maagizo zaidi ya elfu moja. Hilo ndilo ambalo wakubwa wa kasri hawakuweza kulimeza. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Januari 1772, baada ya dansi ya barakoa, kundi lililoongozwa na mama wa kambo wa mfalme, Juliane Marie, lilimwendea mfalme chumbani kwake na kumtaka atie saini hati za kuwakamata mkewe, daktari na Brandt. Mfalme akatia. Waliomshtaki Struensee kwa kumtumia mtu mgonjwa kupata saini walimpindua kwa saini ya mgonjwa huyohuyo, na kwa maoni yangu hakuna tukio katika kisa hiki kizima linaloeleza zaidi ya hilo.

Wapo pia wanaoamini kwamba penzi lile lilikuwa siri kuu iliyofichuka ghafla usiku wa dansi. Wahenga wetu walikwisha kusema kuwa mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na kasri lililojaa watumishi si mahali pa kuficha kikohozi. Wajakazi wa malkia walieleza mbele ya wapelelezi jinsi walivyonyunyiza poda sakafuni kwenye ujia wa nyuma unaoelekea chumbani kwake, ili asubuhi waone nyayo za nani zimepita, na jinsi walivyotia nta kwenye tundu la kufuli ili wajue kama mlango ulifunguliwa. Mjini nako watu walikuwa wakimwona malkia akipanda farasi kwa kutanua miguu, amevaa suruali ya kiume, jambo lililowachukiza wengi katika zama zile. Siri ilikwisha kuvuja muda mrefu. Kilichosubiriwa ni siku ambayo ingekuwa na faida kuitumia.

Kuhusu mfalme, watazamaji wengi huondoka wakiamini kuwa alikuwa zuzu asiyejua lolote. Christian alikuwa mgonjwa kweli, na wengi wanaochunguza habari zake leo huona dalili zinazofanana na skizofrenia, lakini alikuwa na vipindi vya akili timamu, alipenda sana michezo ya kuigiza, na alipozuru Uingereza mwaka 1768 Chuo Kikuu cha Cambridge kilimtunuku shahada ya heshima. Malezi nayo yalichangia, kwani mwalimu wake wa utotoni alikuwa mkali wa kupindukia, akimpiga mbele za watu. Mikkel Boe Følsgaard, aliyeigiza nafasi hiyo, alipata tuzo ya mwigizaji bora wa kiume katika tamasha la Berlin mwaka 2012, na aliistahili, kwa sababu alimwonyesha mtu anayeteseka badala ya kichekesho.

Malkia naye hulaumiwa kama mwanamke mzima aliyekosa haya. Aliolewa mwaka 1766 akiwa na umri wa miaka kumi na mitano, akapelekwa kwa mume wa miaka kumi na saba ambaye hakuwahi kumtia machoni. Mume huyo alikuwa binamu yake, maana baba wa Caroline na mama wa Christian walikuwa ndugu, watoto wa Mfalme George II wa Uingereza. Ndoa ya binamu haitushangazi sisi wa mwambao. La kushtua ni kwamba yeye hakuulizwa.

Dhana nyingine inamfanya Struensee kuwa mkombozi aliyependwa na wanyonge. Ni kweli kwamba alifuta utesaji wa washukiwa, akaondoa udhibiti wa maandishi mwezi Septemba 1770, akaziwekea mipaka kazi za shuruti za wakulima, na kabla ya hapo akamchanja mrithi wa ufalme dhidi ya ndui wakati wengi walikuwa wakiiogopa chanjo. Hata hivyo aliiongoza Denmark bila kujua lugha ya wananchi wake, akiandika maagizo kwa Kijerumani, na aliwaachisha watu kazi bila kujali watakula nini. Uhuru wa kuchapa ulipopatikana, vijitabu vya kumtukana yeye na malkia vikafurika mitaani, na ilipofika Oktoba 1771 yeye mwenyewe alianza kuubana uhuru aliouleta. Desemba mwaka huohuo alikivunja kikosi cha askari wa miguu wa kumlinda mfalme, nao wakaasi. Alipokamatwa, mji ulishangilia.

Husemwa pia kwamba Struensee ndiye aliyepiga marufuku biashara ya watumwa ya Denmark, na hili kwetu, tuliokulia kwenye pwani iliyopitisha misafara ya watumwa, halifai kupita bila kusahihishwa. Amri ya kuikomesha biashara hiyo ilitolewa mwaka 1792, miaka ishirini baada ya kifo chake, na ikaanza kutumika mwaka 1803. Utumwa wenyewe katika visiwa vya Denmark vya Karibi uliendelea hadi mwaka 1848.

Kuhusu majengo yanayoonekana kwenye filamu neno ni fupi: kasri la Christiansborg, ambako wapenzi hao walikamatwa, liliteketea kwa moto mwaka 1794, na sehemu kubwa ya filamu ilipigwa katika Jamhuri ya Cheki.

Wapo wanaosimulia kwamba Caroline alipewa sumu, au kwamba alikufa kwa majonzi. Baada ya kukamatwa alifungwa katika ngome ya Kronborg pamoja na binti yake mchanga, Louise Augusta, aliyekuwa bado ananyonya. Ndoa ilivunjwa mwezi Aprili 1772, na alipoondolewa nchini mwishoni mwa Mei alilazimishwa kumwacha mtoto. Kaka yake, Mfalme George III wa Uingereza, alimweka mjini Celle, katika milki yake ya Hanover huko Ujerumani. Huko hakukaa akilia tu, kwani alishiriki katika mpango wa siri wa kumrudisha Denmark kama mtawala kwa niaba ya mwanawe. Mpango haukutimia. Alifariki tarehe 10 Mei 1775, akiwa na miaka ishirini na mitatu, kwa homa ya kuambukiza iletayo vipele vyekundu mwilini.

Mwanawe Frederick alishika madaraka mwaka 1784, na miaka minne baadaye akakifuta kifungo kilichowazuia vijana wa kiume wa vijijini kuhama mashamba ya mabwana zao. Watazamaji wengi hulichukua hilo kuwa ushindi kamili wa Struensee, lakini utawala wa Frederick huyohuyo ulitunga mwaka 1799 sheria kali ya kuyabana machapisho.

Louise Augusta alihesabiwa kuwa binti wa mfalme, ingawa karibu kila mtu aliamini kuwa baba yake ni Struensee. Kwa hiyo hata dhana kwamba kizazi cha penzi lile kilikatika si sahihi. Alikua, akaolewa mwaka 1786 na mwana wa mtawala wa Augustenborg, na binti yake, Caroline Amalie, akawa malkia wa Denmark. Kitukuu chake kwa upande wa mwanawe alikuwa Auguste Viktoria, mke wa Kaisari Wilhelm II, yule ambaye sura yake ilikuwa kwenye rupia zilizotumika hapa Tanga enzi za Wajerumani.