Kabla hujaitupa mota ya zamani, ifungue

Mwenye gari la 1970 aliniletea mota ya waipa akaniambia imeungua, na kwamba mpya ameshaiagiza. Nikamwomba aniachie hadi jioni.

Mimi huanza kwa kunusa. Mota iliyoungua kweli hunuka vanishi iliyokaangwa, yaani ile inayopakwa kuhami nyaya, harufu ambayo ukiipata mara moja huisahau. Hii ilinuka grisi tu. Nikachora alama kwenye ganda na kwenye kifuniko chake, kisha nikafungua. Usiiruke alama hiyo: mota ya sumaku mbili ukirudisha ganda lake limegeuka nusu duara, itazunguka kinyumenyume.

Ndani, grisi ilikuwa imeganda kama nta, ukiikwaruza kwa bisibisi inatoka vipande. Mota inayolazimishwa kuzunguka ndani ya nta huvuta umeme mwingi, inapata moto, fyuzi inakatika, na lawama zote anabebeshwa amecha, ile sehemu ya nyaya inayozunguka ndani. Nikapima: ncha moja ya mita kwenye shaba ya komyuteta, ile pete ya vipande vya shaba iliyo kwenye shafti, nyingine kwenye shafti yenyewe. Umeme haukupita, kwa hiyo nyaya hazijagusana na shafti. Ungepita, hapo tungeongea habari ya kusuka nyaya upya.

Kazi iliyobaki ilikuwa komyuteta. Shaba huliwa na brashi, vile vipande vya kaboni vinavyoipelekea umeme, haraka kuliko maika, kihami kilicho katikati ya vipande vyake, basi maika inabaki imechomoza, brashi inarukaruka na cheche zinatoka. Maika hiyo naishusha kwa kipande cha msumeno wa chuma, kama nusu milimita hivi, taratibu. Shaba naisugua kwa msasa laini, ila si ule mweusi wa chuma, maana chembe zake hunasa kwenye mifereji. Bushi, zile zinazoshika shafti, nikazilaza kwenye oili.

Jambo moja wauza vipuri hawalisemi. Magari mengi ya Uingereza ya kabla ya mwisho wa miaka ya 1960 yana chanya ya betri kwenye bodi. Mota zao zenye koili mahali pa sumaku hazijali, zinazunguka upande uleule. Ukiyafungia mota ya kisasa yenye sumaku bila kugeuza nyaya, inazunguka kinyume.

Ile mpya ilifika siku ya tatu. Imo kwenye boksi lake bado. Matundu ya skrubu hayakulingana.