Mzinga Hautambuliki kwa Lori Lililouvuta

Nimeshika spana hapa Ngamiani, Tanga, miaka mingi, kiasi kwamba sishangai tena kukuta Bedford yenye injini ya Isuzu, gia boksi ya Leyland na kichwa kilichopakwa rangi mara tano. Uso wa mmoja, moyo wa mwingine. Mwenye gari atakuapia ni la 1968 kwa sababu kadi inasema hivyo, na wewe uliyelala chini yake unaona chesisi mbili zimeungwa kwa kuchomelewa.

Kwa hiyo kijana wa jirani alipokuja kijiweni na picha ya marehemu babu yake, akiuliza mzinga ulio nyuma yake ni wa aina gani, na kila mtu akawa na jibu kabla kahawa haijapoa, mimi nilinyamaza kwanza. Picha yenyewe ndogo, kona moja imeliwa na mende. Nyuma imeandikwa kwa wino: Mombasa 1943. Babu kavaa kaptula ya jeshi, kifuani amekumbatia kitu mfano wa kreti ndogo. Nyuma yake mzinga mwembamba umeelekeza mtutu mawinguni, na kwa mbali kuna lori. Kwao wanajua babu alikuwa dereva jeshini.

Majibu ya barazani siku ile karibu yote yalikwenda upogo. Si kosa la kijiwe chetu peke yake. Nimeyasikia hayo hayo kwingine, na nimeyasoma mtandaoni kwa watu wanaojiita wataalamu.

"Huo ni wa Mjerumani"

Tanga hii kila kitu cha zamani ni cha Mjerumani. Boma la Mjerumani, reli ya Mjerumani, hata mfereji wa maji machafu ukiziba utaambiwa Mjerumani alijenga vizuri zaidi. Vita vya Novemba 1914 vilipiganwa mjini humu kweli, na wazee walitusimulia nyuki waliowatimua askari waliotoka India. Basi mtu akiona mzinga wowote wa zamani pwani hii, anakata shauri.

Mizinga inayochochea dhana hii zaidi ni ile ya meli ya Königsberg. Meli hiyo iliishia kwenye delta ya Rufiji tarehe 11 Julai 1915, Wajerumani wenyewe wakailipua baada ya kupigwa na Waingereza. Mizinga yake 10 ya milimita 105 ilitolewa, ikafungwa magurudumu na kukokotwa nchi kavu hadi ilipoharibika au kutekwa. Mmoja uko Fort Jesus, Mombasa, jirani na mzinga wa Pegasus, meli ya Kiingereza ambayo Königsberg hiyo hiyo iliizamisha Zanzibar Septemba 1914. Mtu akienda Mombasa akapiga picha pale, akirudi anatuambia kaona mzinga wa kutungulia ndege.

Mzee mmoja alinibana: "Fundi, mbona Königsberg iliangusha ndege?" Kweli kabisa. Siku ile ile ya mwisho, ndege ya Waingereza iliyokuwa ikielekeza shabaha ilipigwa na kuangukia mtoni. Lakini kumpiga kunguru kwa jiwe hakulifanyi jiwe kuwa manati. Mizinga ile ilitengenezwa kupiga meli zilizo mbele yake, juu ya maji.

Mzinga wa kutungulia ndege una umbo lake, na umbo hilo halifichiki. Lazima uzunguke pande zote, tena uinue mtutu karibu wima. Ule wa Kijerumani wa milimita 88 unafika digrii 85, wa Kiingereza wa inchi 3.7 unafika 80, Bofors, ule wa milimita 40, inafika 90. Sasa fikiri: mtutu ukisimama wima, mkia wake unashuka chini, na kila risasi inapotoka mtutu unarudi nyuma kwa teke. Pasipo nafasi, mkia utagonga kitako au ardhi. Ndiyo maana mtutu umeshikizwa juu, na pini zake ziko nyuma karibu na mkia. Tazama pini kwanza. Ukikuta mtutu umeshikwa chini, katikati ya magurudumu mawili makubwa, na mkia mrefu wa chuma umelala ardhini, huo ni mzinga wa uwanjani hata kama unaambiwa ulitungua ndege 20.

"Namba inakwambia mwaka"

Wakati mwingine, ndiyo. Mzinga wa Kisovieti wa milimita 37 unaitwa wa 1939 na kweli ni wa 1939. Flak 18 ya Wajerumani, ile ya milimita 88, je? Iliingia jeshini 1933. Namba 18 iliwekwa ili ionekane ni silaha ya tangu 1918, maana baada ya Vita Kuu ya Kwanza Ujerumani ilikuwa imewekewa vikwazo vya silaha. Namba yenyewe ilikuwa kanzu ya kujifichia.

S-60, mzinga mwingine wa Kisovieti, ndiyo inayowaangusha wengi. Si milimita 60. Ni 57. Kati ya ndugu zake wadogo wa Kisovieti, ZPU-4 ina mitutu 4, lakini ZU-23-2 haina mitutu 23: ni milimita 23 kwa mitutu 2. Na Bofors wanayoiita L/60, ambayo kwa desturi ingemaanisha mtutu wenye urefu mara 60 ya kipenyo chake, ukipima kwa futi kamba unapata mita 2.25. Gawa kwa milimita 40, jibu ni 56 na ushei. Nimewahi kumwona kijana akibishana kwamba Bofors fulani ni ya bandia kwa sababu ya hesabu hiyo. Hesabu yake ilikuwa sahihi. Jina ndilo la kukadiria. Ile L/70 iliyofuata baada ya vita, hiyo ni 70 kweli.

"Magurudumu manne na koni mdomoni, hiyo Bofors"

Hapa pana utamu, kwa sababu Bofors ina mapacha wa kambo. Kwanza, yenyewe si ya Kiingereza. Ni ya Sweden, ya miaka ya 1930, na ilitengenezwa kwa leseni Uingereza, Marekani, Kanada, Poland na kwingineko. Kumbe kuona maandishi ya Kiingereza kwenye kibao chake hakukwambii alikozaliwa, kunakwambia alikolelewa.

Pili, Wasovieti waliichukua Bofors kama kielelezo walipotengeneza ule wao wa milimita 37. Wachina nao wakaunakili wa Kisovieti, wakauita Aina ya 55. Baada ya uhuru nchi yetu ilipata silaha kutoka China na Urusi, kwa hiyo mtu wa huku anayeona picha ya mzinga wa magurudumu manne wenye koni mdomoni anaweza kuwa anatazama yoyote kati ya hiyo. Kwa mbali ni mtu na nduguye.

Usihangaike na milimita 37 au 40. Kwenye picha huwezi kuzipima. Tazama chakula chake. Hii mizinga hulishwa kwa klipu, yaani fungu la risasi zilizobanwa pamoja, kutokea juu, mpakiaji akisimama pembeni na kushindilia klipu moja baada ya nyingine. Klipu ya Bofors ina risasi 4. Ya yule wa Kisovieti na mwanawe wa Kichina ina 5. Hesabu tu, kama unavyohesabu vidole. Ukipata picha yenye mtu ameshika klipu, umepata cheti cha kuzaliwa.

Wa mitutu miwili mnanikera zaidi, maana kila mtu anasema "ZU". ZPU-2 nayo ina mitutu miwili, ila ni ya risasi za milimita 14.5, na mitutu yake imevalishwa gamba la chuma lenye matundu matundu kama chujio. ZU-23 mitutu yake iko wazi, ina vishikio vya kuibebea ikibadilishwa, na mdomoni ina koni. Wachina tena wana wa milimita 37 wa mitutu miwili, Aina ya 65, lakini huo ni mkubwa na una magurudumu manne. Huwezi kuuchanganya na hao wadogo ukiwa macho. Na kile kilichotisha Uganda wakati wa vita vya Kagera, walichokiita saba saba, hakimo humu kabisa. Hayo ni makombora yanayorushwa kutoka mabomba 40 yaliyopangwa juu ya lori, wala hayamtafuti rubani.

"Mtutu ndio mzinga"

Mtutu ni kama tairi. Unaisha, unavuliwa, unavalishwa mwingine. Risasi nyingi zikipita njia ya ndani inalika na shabaha inapotea, kwa hiyo jeshi lolote lililopanga vizuri lilikuwa na mitutu ya akiba.

Ile 88 ndiyo mfano mzuri. Flak 18 na Flak 36 zinatofautiana, lakini mitutu yao iliingiliana, ikahamishwa huku na huku. Wengi wakaangukia kwenye magurudumu: kigari cha kwanza cha Flak 18 kina gurudumu moja moja mbele na mawili mawili nyuma, cha Flak 36 kina mawili mawili mbele na nyuma. Ni dalili nzuri, ila kumbuka mzinga ule ukiwa kazini hushushwa chini ukakaa juu ya msalaba wa vyuma, na seti zote mbili za magurudumu huvutwa kando. Kitu kinachovutwa kando hurudi na mwenzake au kisirudi naye. Flak 37 unaijua kwa saa zake za mishale pembeni, ambazo mpigaji alizifuata bila kuhitaji kuiona ndege yenyewe. Flak 41 ni kiumbe kingine, kifupi cha kimo, kimekaa juu ya sahani inayozunguka.

Waingereza nao walikuwa na ule wa inchi 3.7, yaani milimita 94, na hapo swali si mtutu bali miguu. Mark I na Mark III zilitembea. Mark II ilifungwa kwa bolti kwenye zege na haikuwa na safari.

"Lori ndilo linakwambia"

Sasa tumefika kwangu.

Kijana mmoja pale barazani alisema: lori ni Bedford, Bedford ni ya Waingereza, Waingereza walivuta Bofors kwa Bedford, basi mzinga ni Bofors. Mnyororo mzuri, kila pete imechomelewa kwa gamu.

Ni kweli palikuwa na Bedford ya kazi hiyo. Iliitwa QLB, ya vita vya pili, inayovuta kwa magurudumu yote manne, na bodi yake ilipangiwa watu wa mzinga na risasi zao. Lakini uso wa QLB ni uso ule ule wa QLD ya kubeba mizigo na QLT ya kubeba askari. Ukiona kichwa tu umeona ukoo, hujaona mtu. Nenda nyuma ya kebini: kuna makabati ya risasi, au ni karai tupu lenye turubai?

Matador ya AEC hali kadhalika. Jitu la dizeli, linavuta kwa magurudumu manne, wengi wanaliita gari la 3.7. Lilivuta 3.7, ndiyo, na likavuta pia ule wa inchi 5.5 ambao haukuwa na habari na ndege. Baada ya vita raia walizinunua Matador wakavutia magogo na malori yaliyokwama. Hakuna aliyesema gogo ni mzinga. Morris nayo ina watoto wawili wanaochanganywa: ule wa mgongo wa kobe uitwao Quad, ambao kazi yake ilikuwa kuvuta mzinga wa uwanjani wa pauni 25, na CDSW ya magurudumu sita, ambayo ndiyo ilivuta Bofors.

Kwa upande wa Urusi, ZIL-151 na ZIL-157 zikikutazama usoni utaapa ni moja. Zungukia nyuma. 151 ina tairi pacha kila upande wa ekseli za nyuma; 157 ina tairi moja moja, nene, na dereva anaweza kuzijaza au kuzipunguza upepo akiwa njiani. Wachina wakaiga 157 wakaiita CA-30, wakazipa madigadi pembe za mraba.

Lori linavuta kilichofungwa kwenye ndoano. La kwetu gereji limewahi kuvuta tela la mkonge, jenereta la harusi na boti ya mvuvi wa Kwale, yote wiki moja.

Basi tukairudia picha. Lile lori la nyuma lina ekseli mbili upande wa mkiani. Madigadi yanaonekana vizuri kabisa. Bedford QL ina magurudumu manne tu, kwa hiyo Bedford tukaitoa. Pini za mtutu ziko nyuma na juu, basi ni wa kutungulia ndege. Magurudumu manne, koni mdomoni. Kijana akaipiga picha kwa simu, akaivuta kwa vidole mpaka ikawa madoadoa, akafika kwenye ile kreti aliyoikumbatia babu yake.

Haikuwa kreti. Vilikuwa vichwa vya risasi vimepangwa wima, na tulivihesabu watu watatu kwa zamu: vinne. Klipu ya Bofors, ambayo ikijaa ina uzito wa kilo 8 na ushei.

"Lakini babu alikuwa dereva," kijana akasema.

Mzee mwenye birika akamjazia kikombe. "Nani alikwambia, mjukuu wangu?"

"Bibi. Kwa sababu ya hilo lori pichani."